Gololi Nyeusi za Collins Street

Mwaka wangu wa kwanza Melbourne nilikuwa mpeleka chakula. Mchana darasani, jioni juu ya baiskeli, mgongoni begi la mraba lililonifanya nionekane kama kobe aliyesimama wima. Simu ikilia unakwenda, isipolia unasubiri, na kusubiri mwezi wa Julai katika mji ule si mchezo: baridi inapita glavu mbili na kukuta kidole. Kijiwe chetu cha kusubiria kilikuwa Collins Street, upande wa juu kabisa, chini ya miti mikubwa yenye magome yanayobambuka mabaka mabaka. Tulikuwa mimi, Wahindi wawili watatu, na ndugu mmoja wa Bukavu ambaye Kiswahili chake kilinichekesha na changu kilimchekesha.

Namba 36 ya mtaa ule kuna jengo la zamani, tulivu, la watu wasio na haraka. Jioni moja tukawaona wazee wenye tai wakishuka kwenye magari na kuingia mmoja mmoja.

"Pale ni wapi?" nikamuuliza mwenzangu.

"Club."

"Ya mpira?"

"Hapana, ndugu. Ni club ya bazee. Banaingia, banakula, banarudi kwabo."

Nikacheka. Kwetu klabu ni Simba na Yanga. Ukiongeza herufi moja ukasema kilabu, mtu anajua unazungumzia pombe ya kienyeji na mabenchi ya mbao. Lakini klabu ya kukaa tu? Halafu nikajijibu mwenyewe: kumbe hiyo ni maskani. Ni baraza. Tofauti ni kwamba baraza ya kwetu iko nje, kila apitaye anatoa salamu na anayetaka anakaa. Hii wameiingiza ndani, wakaitia mlango, na mlango wakautia kura.

Nilipopata nafasi nikaanza kuisoma historia yake, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba Melbourne Club haikuanzishwa na wazee. Ilianzishwa na vijana. Na vijana wenyewe walikuwa watundu kupita kiasi.

Turudi mwishoni mwa mwaka 1838. Mji wa Melbourne ulikuwa na umri wa miaka mitatu. Mwaka 1835 makundi mawili ya Waingereza, moja la John Batman na jingine la John Pascoe Fawkner, yalivuka bahari kutoka Van Diemen's Land, kisiwa tunachokiita leo Tasmania, yakaja kujimegea ardhi kando ya mto Yarra. Batman alidai kwamba amewekeana mkataba na wazee wa Kulin, wenye nchi, kwa mablanketi, visu na unga. Gavana aliyekuwa Sydney akaufuta mkataba ule, si kwa sababu wenyeji walipunjwa, bali kwa sababu, kwa hesabu za Serikali, ardhi yote ilikuwa ya Mfalme tayari. Sensa ya Mei 1836 ilihesabu wageni 177, na wanawake kati yao walikuwa 35 tu. Shika namba hiyo, maana inaeleza mengi. Baada ya hapo wakaanza kumiminika wenye kondoo.

Hapa lazima nisimame kidogo kwa ajili ya wasomaji wa Kenya. Wenye kondoo hao waliitwa maskwota. Nchini Kenya wakati wa mkoloni, skwota alikuwa Mwafrika asiye na ardhi aliyeruhusiwa kukaa kwenye shamba la mlowezi kwa masharti ya kumfanyia kazi. Kule Australia skwota ndiye mlowezi mwenyewe. Alikwenda na kondoo wake mbele ya sheria, akakalia maelfu ya ekari bila hati, na serikali ikamfuata nyuma ikimtoza ada ya leseni. Neno ni lile lile na bendera ni ile ile. Lilimwinua huyu likamshusha yule.

Sasa fikiria kijana wa miaka 22, mtoto wa afisa wa jeshi au wa mwenye mashamba huko Scotland ambaye urithi umekwenda kwa kaka mkubwa. Amepewa mtaji kidogo na barua za utambulisho. Miezi sita yuko porini na kondoo na wachungaji ambao wengi wao ni wafungwa waliohamishwa kutoka Uingereza. Hana mke, hana jirani. Akija mjini kuuza sufu ana pesa mfukoni na hana pa kwenda ila hotelini. Vijana wa namna hiyo, pamoja na maafisa na wafanyabiashara wachache, jumla yao 23, wakakutana wakaanzisha klabu kwa mtindo wa zile za London. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa hoteli ya Fawkner waliyoikodi.

Hilo la Fawkner nalipenda sana. Baba yake alikuwa mfungwa, na yeye mwenyewe akiwa kijana alichapwa viboko 500 kwa kuwasaidia wafungwa kutoroka. Basi mabwana hawa waliokuwa wanatafuta mahali pa kukaa mbali na watu wa chini, walipangisha kwa mtoto wa mfungwa. Kila mwezi kodi yake ikaingia. Sidhani kama alilalamika.

Kuhusu mlango wao. Klabu za mtindo ule zilimpigia mtu kura kwa gololi. Kuna kisanduku, kila mwanachama anatia mkono ndani, anadondosha gololi nyeupe kama anakutaka na nyeusi kama hakutaki. Hakuna anayejua mkono wa nani umedondosha nini. Hakuna hoja wala mjadala. Gololi nyeusi chache zinatosha kukumaliza, na kesho yake unakutana na watu wale wale barabarani wakikuvulia kofia.

Utasema ni ukatili wa kizamani. Mimi pia nilisema hivyo, na niliyasema nikiwa katibu wa chama cha vijana wa Afrika Mashariki kilichokuwa kikikutana kila baada ya wiki mbili huko upande wa magharibi wa jiji, nyumba kwa nyumba. Dola 20 kwa mwezi, kupokezana, kusaidiana msiba ukitokea nyumbani, na pilau. Pilau ndiyo iliyokuwa chama chenyewe, mengine ni katiba. Nitarudi hapo.

Vijana wa Melbourne Club walipolewa walitoka usiku wakang'oa mabango ya maduka na kuyahamisha, wakavunja taa, wakawasumbua askari wa doria. Asubuhi fundi viatu anaamka anakuta mlango wake una bango la mtu mwingine. Watu wa mji waliwachukia, lakini kumkamata mtoto wa kanali si kazi rahisi.

Mtoto wa kanali si mfano wa kubuni. Peter Snodgrass alikuwa mtoto wa Luteni Kanali Kenneth Snodgrass, ambaye kwa muda alikaimu ugavana wa koloni la New South Wales. Peter alikuja Port Phillip, wilaya yenye mji wa Melbourne, na mifugo mwaka 1838. Mwanzoni mwa 1840, baada ya karamu ya mwaka mpya, akagombana na mwenzake William Ryrie, na kwa kuwa walikuwa mabwana, ugomvi ukawa wa bastola. Wakasimama kwa hatua zilizopimwa, wasimamizi kando. Kabla ishara haijatolewa, kidole cha Peter kikateleza, bastola ikalia, na risasi ikaingia kwenye kidole cha mguu wake mwenyewe. Ryrie alipoona hivyo akafyatua ya kwake juu hewani. Heshima ikawa imetunzwa, na wote wakaenda nyumbani, mmoja akichechemea.

Ungefikiri amejifunza. Agosti 1841 Peter huyo huyo akamwita pambanoni mwanasheria mmoja wa Kiayalandi aliyeitwa Redmond Barry. Edmund Finn, mwandishi wa magazeti aliyejulikana kwa jina la Garryowen, ametuachia picha ya asubuhi ile: Barry kaja kama anakwenda harusini, kofia ndefu, koti lenye mikia, akaiweka kofia chini taratibu, akavua glavu. Upande wa pili Peter anatetemeka. Bastola yake ikalia tena kabla ya wakati. Barry akanyoosha mkono juu akapiga hewa.

Ni kwa Barry hadithi yangu inapokaa, kwa hiyo nieleze alitoka wapi. Alizaliwa 1813, kaunti ya Cork. Kwenye meli ya kuja Sydney mwaka 1839 alianzisha mapenzi ya wazi na abiria mwanamke mwenye mume, mpaka nahodha akamfungia chumbani kwake. Habari ikawahi kufika Sydney kuliko yeye alivyowahi kupata kazi, milango ikafungwa, akasogea Melbourne, mji mdogo usio na nafasi ya kuchagua watu. Huko akawa mtu wa klabu na wa dansi, mcheshi, mvaaji.

Lakini ukihesabu tarehe utaona kitu kingine. Mwezi mmoja tu baada ya lile pambano la bastola, Septemba 1841, Barry alisimama mahakamani kumtetea mwenyeji wa eneo la Geelong aliyeitwa Bonjon, aliyeshitakiwa kwa kumuua mwenyeji mwenzake. Hoja ya Barry haikuwa kwamba mtu wake hakuua. Hoja yake ilikuwa kwamba mahakama ya Waingereza haina mamlaka juu ya mambo ya wenyeji wao kwa wao, kwa kuwa watu hawa hawakushindwa vitani wala hawakukubali kutawaliwa. Jaji Willis aliielekea hoja hiyo, na Bonjon hatimaye akaachiwa. Miezi michache baadaye Barry akawatetea wenyeji watano wa Tasmania walioshitakiwa kwa mauaji ya wavua nyangumi wawili, miongoni mwao Truganini. Wanawake watatu wakaachiwa. Wanaume wawili, Tunnerminnerwait na Maulboyheenner, wakanyongwa hadharani tarehe 20 Januari 1842, mbele ya maelfu ya watu. Ndiyo hukumu ya kwanza ya kifo kutekelezwa katika mji ule.

Nilipolisoma hilo nilikaa kimya kidogo. Mwaka 1840 msimamizi wa wilaya, La Trobe, alikuwa ameagiza wenyeji wasionekane mjini. Yaani wakati vijana wa Scotland wanadondosha gololi kuamua nani ni wa kwao, mji mzima ulikuwa umeshawadondoshea wenye nchi gololi nyeusi. Na mtu aliyesimama kuwasemea, bila malipo mara nyingi, jioni alikuwa akirudi kula klabuni na wale wale waliokalia ardhi yao. Sitaki kumsafisha. Wala sitaki kumchafua zaidi ya anavyostahili.

Utoto ule haukudumu. Kuanzia 1841 bei ya sufu ikaanguka, na kondoo wakafika mahali ambapo faida yake ilikuwa kuwachemsha kupata mafuta ya kutengenezea sabuni na mishumaa. Mabwana wengi wakafilisika na wengine wakarudi kwao kimya kimya. Waliobaki wakatajirika baadaye, dhahabu ilipopatikana 1851 na idadi ya watu wa Victoria, koloni lenye mji wa Melbourne, kuruka kutoka elfu 77 hadi zaidi ya nusu milioni katika miaka kumi. Klabu ikahamia kwenye lile jengo la Collins Street lililochorwa na Leonard Terry, lililojengwa 1858 na 1859. Watundu wakawa waheshimiwa. Peter Snodgrass akaingia bungeni. Hadi leo klabu yao ni ya wanaume peke yao, lakini binti yake Peter, Janet, aliyeolewa na tajiri Sir William Clarke, alitoa fedha za kujenga bweni la wanafunzi wanawake wa Chuo Kikuu cha Melbourne, na bweni hilo linaitwa kwa jina lake. Baba alijipiga risasi ya kidole, binti akajenga bweni. Nyumba ikibahatika kizazi cha pili, ndiyo hivi.

Na Barry? Akawa jaji mwaka 1852. Akasimamia kuanzishwa kwa chuo kikuu, akawa mkuu wake wa kwanza. Na akajenga maktaba.

Maktaba hiyo, iliyofunguliwa Februari 1856 Swanston Street, ndiyo nyumba yangu ya pili. Oda zikikauka nilikuwa naifunga baiskeli nje, karibu na sanamu ya shaba ya Barry mwenyewe, naingia kupasha mikono. Chini ya kuba kubwa kuna meza za mbao zenye taa za kijani zilizopangwa kama miale ya jua, na ukikohoa sauti inazunguka juu inakurudia. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni nani. Barry alitaka iwe hivyo: tangu mwanzo iliruhusu yeyote aliyezidi miaka 14, bila ada na bila barua ya utambulisho, sharti mikono iwe safi. Basi. Mtu wa gololi huyo huyo! Mjini alikuwa na mlango mmoja wa kupigiwa kura, akaenda akajenga mwingine wa kunawa mikono. Sijui kama aliona tofauti yake, au kwake vilikuwa vitu viwili visivyogusana, kama mtu anavyokuwa na kanzu ya Ijumaa na jezi ya Jumamosi.

Tukimtaja Barry, watu wa kule wanamjua kwa jambo moja tu. Oktoba 1880 alimhukumu kifo Ned Kelly, jambazi wa miaka 25 aliyejitengenezea deraya ya chuma cha plau. Kelly akamjibu pale pale kwamba watakutana huko aendako. Kelly alinyongwa tarehe 11 Novemba. Barry alikufa tarehe 23. Deraya ya Kelly leo imo kwenye maktaba ya Barry, na foleni ya kuiangalia ni ndefu kuliko ya kuomba kitabu.

Mwaka 1870 maktaba ile ilimwajiri karani kijana aliyeitwa Marcus Clarke, ambaye, licha ya jina, hakuwa na undugu na tajiri wa bweni. Na hapa ndipo klabu ya pili inaingia, ile niliyoipenda.

Clarke alikuwa mtoto wa wakili wa London. Baba akaugua akili, mali ikayeyuka, na kijana akapakiwa meli akiwa na miaka 17 kuja kwa ami yake aliyekuwa hakimu huko ndani ya Victoria. Alikuwa na kigugumizi na mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake. Benki walimjaribu, ikashindikana. Shamba la kondoo likashindikana. Alichoweza ni kuandika. Alipata safu kwenye gazeti kama mwanafalsafa mtembezi, akawachora watu wa Melbourne mpaka wale waliolala kwenye vibanda vya senti chache.

Mwaka 1868, akiwa na miaka 22, yeye na wenzake wa magazeti na mashairi wakaanzisha Yorick Club. Walikuwa wakikutana Café de Paris, mgahawa uliokuwa ndani ya Theatre Royal, Bourke Street. Alikuwemo Frederick Haddon, mhariri wa gazeti la Argus ambaye hakuwa amefika miaka 30. Alikuwemo Patrick Moloney, mmoja wa madaktari wawili wa kwanza kuhitimu chuo cha Barry. Alikuwemo George Gordon McCrae, mshairi aliyekulia jirani na watu wa Boonwurrung na kutunga tenzi juu ya visa vya wenyeji. Na Adam Lindsay Gordon, mpanda farasi. Nembo yao ilikuwa fuvu. Yorick ni yule mchekeshaji wa mfalme katika Hamlet, ambaye mchimba kaburi analifukua fuvu lake na mwanamfalme analishika mkononi akikumbuka alivyobebwa mgongoni utotoni. Wacheshi kujipa jina la mcheshi aliyekwisha kuoza! Vijana wakiwa na afya hucheza na kifo namna hiyo.

Tofauti ya klabu hizi mbili, kwangu, ni pesa na ni kile kilichowakutanisha. Wa 1838 walikutana kwa sababu ya baba zao. Wa 1868 walikutana kwa sababu ya kazi zao, na kazi zenyewe hazikulipa. Clarke alitangazwa kufilisika mara mbili, 1874 na 1881. Yorick ilipoanza kuwa na heshima zake, yeye na wengine wakaanzisha kikundi kingine wakakiita Pango la Adulamu. Aliyesoma Samweli wa Kwanza anakumbuka: Daudi alipomkimbia Sauli akajificha pangoni, na kila aliyekuwa na dhiki, na kila aliyekuwa na deni, na kila mwenye uchungu moyoni, wakamwendea. Ndiyo klabu pekee niliyowahi kuisikia ambayo kiingilio chake ni kudaiwa.

Kutoka namba 36 ya Collins Street ukipanda hadi Spring Street ukakata kushoto, dakika tano kwa miguu, utafika kwenye bustani ndogo ya pembetatu. Mle ameketi Gordon. Sanamu ya 1932, kiti cha shaba, buti za kupandia farasi, kitabu mkononi, na chini ya kiti wameweka tandiko. Nilikuwa nala mkate wangu pale. Kwa muda mrefu nilidhani ni mwanajeshi.

Gordon alizaliwa 1833 visiwa vya Azores, akafika Australia ya Kusini akiwa na miaka 20, akawa polisi wa farasi, akawa mfuga farasi, akawa hata mbunge kwa muda. Mrefu, asiyeona vizuri, na bado aliruka viunzi kama kichaa. Mwaka 1868, mwaka wa Yorick, ulimpa yote kwa pamoja: Aprili mtoto wake wa pekee, msichana asiyefika mwaka, alifariki, biashara yake ya kukodisha farasi kule Ballarat ikafa, na Oktoba akashinda mbio tatu za kuruka viunzi siku moja. Tarehe 23 Juni 1870 kitabu chake cha mashairi kilitoka. Siku hiyo alionana na mshairi mwenzake Henry Kendall, ambaye alimwonyesha uhakiki aliouandika wa kukisifu. Wakanywa walichoweza kununua. Gordon alikuwa anadaiwa na mchapaji na hakuwa na namna ya kulipa. Asubuhi ya tarehe 24 alichukua bunduki akaingia kwenye vichaka vya pwani ya Brighton, akajiua. Alikuwa na miaka 36. Mwaka 1934 wakamwekea sanamu ya kichwa kule Westminster Abbey, London, miongoni mwa washairi wakubwa.

Kendall naye alikuwa hoi. Alikuja Melbourne 1869 kuishi kwa kalamu, kitabu chake hakikuuzika, akazika mtoto katika mji ule, pombe ikamkamata, akaondoka kabla ya 1870 kwisha. Clarke alidumu zaidi. Akiwa maktabani aliandika riwaya ya wafungwa ambayo inasomwa mpaka leo. Barry alipofariki, Clarke alitumaini ukutubi mkuu, akanyimwa. Kalamu yake ilikuwa imewachoma wengi na madeni yake yalijulikana. Agosti 1881, miezi minane baada ya Barry, akafa, miaka 35, akiacha mjane na watoto sita.

Huwa najiuliza meza ya Yorick ilikuwaje siku ya kwanza baada ya Brighton. Watu walewale, tumbaku ileile, lile fuvu. Walikuwa wakimwona kila wiki. Walijua alivyokuwa akikaa pembeni bila kusema neno, walijua farasi wake, walijua hata habari za mtoto. Na deni la mchapaji, nani alilijua?

Nilisema nitarudi kwenye chama chetu. Kulikuwa na kijana wa Tanga, mdogo kwetu wote, mcheshi, yeye ndiye aliyekuwa anakaanga vitunguu vya pilau kwa sababu alisema sisi wengine tunaviunguza. Akaanza kukosa vikao. Mwezi wa kwanza hakulipa, wa pili hakulipa, wa tatu mweka hazina akauliza kundini afanywe nini. Katiba ilikuwa wazi. Hakuna aliyeandika maneno. Zikaja dole gumba, moja, mbili, saba. Hazikuwa hata za siri kama gololi. Mimi ndiye niliyekuwa admini. Nikabonyeza jina lake, nikabonyeza tena kuthibitisha, na WhatsApp ikaandika kwa herufi ndogo za kijivu kwamba nimemwondoa. Mtu mmoja akaweka picha ya kuchekesha chini yake na mazungumzo yakaendelea.

Baada ya wiki kadhaa yule ndugu wa Bukavu akaniambia amemwona maktabani, anakuja kila siku, anakaa mpaka wanafunga saa za jioni. Kazi ilikuwa imemwishia. Chumba nacho. Alikuwa analala sebuleni kwa mtu na mchana hakutaka kuwa mzigo. Kumbe tulikuwa tunakaa chini ya kuba moja, yeye upande wake mimi upande wangu, na taa za kijani katikati.

Yorick iliendelea karibu miaka mia moja. Mwaka 1966 iliungana na Savage Club, na jina likaisha. Melbourne Club ipo pale pale chini ya miti, na jioni za Alhamisi bado nawaona wazee wakishuka kwenye magari, ingawa siku hizi sipeleki chakula tena.

Kijana wa Tanga nilimtafuta. Simu ilikuwa haipatikani, maktabani alikuwa ameacha kuja. Jumapili iliyopita, bila kumuuliza mweka hazina, nilimrudisha kundini, nikamwandikia pia pembeni kwamba kikao kijacho ni kwangu na vitunguu sijavikata. Tiki mbili zimetokea. Bado hazijageuka bluu.